Pampu ya kupandisha maji ya chumvi ghorofani: soma mita kabla ya lita

Anayefuga samaki wa baharini nyumbani hana namna ya kukwepa kubadilisha maji. Kila wiki moja au mbili, asilimia 10 hadi 20 ya maji ya tangi hutolewa na mapya kuingizwa. Kwa tangi la lita 500, hizo ni lita 50 hadi 100. Maji mapya, yawe yameletwa kutoka baharini kwa madumu au yamechanganywa nyumbani kwa chumvi maalumu na maji yaliyochujwa, mara nyingi hukaa kwenye pipa chini, uani au gereji, na tangi liko sebuleni ghorofa ya kwanza. Dumu moja la lita 20 la maji ya bahari lina uzito wa kilo 20.5. Baada ya miezi michache ya kulipandisha ngazi, mtu huenda kununua pampu. Boksi limeandikwa lita 3,000 kwa saa. Analipa, anarudi, anachomeka, na maji yanapanda mpaka katikati ya ngazi na kusimama hapo.

Pampu hiyo si mbovu. Kwenye boksi kulikuwa na namba nyingine, ndogo zaidi, ambayo hakuisoma: H max, mita 2. Namba zote mbili ni za kweli, ila hazitokei kwa wakati mmoja. Lita 3,000 ni wingi wa maji yanayotoka pampu ikiwa haipandishi chochote, mdomo wake ukiwa usawa na maji. Mita 2 ni kimo ambacho safu ya maji ikishafika, haisogei tena: impela, yaani kile kigurudumu chenye mapanga kinachosukuma maji, inazunguka, mota inanguruma, hakuna tone linalotoka. Ni kama mchukuzi anayesema anaweza kukimbia kilomita kumi na anaweza kubeba gunia la kilo mia. Anasema kweli, lakini usimtarajie akimbie kilomita kumi na gunia mgongoni.

Kati ya namba hizo mbili kuna mstari unaoshuka, na watengenezaji makini huuchora kwenye kijitabu cha maelezo au kwenye boksi lenyewe: mita upande mmoja, lita upande wa pili. Mchoro huo ndio wa kuangalia. Unaweka kidole kwenye kimo cha nyumba yako, unasoma lita zilizobaki. Kama mchoro haupo, mimi huhesabu hivi: kimo halisi cha kazi kisizidi theluthi mbili ya H max. Nikihitaji mita 5, natafuta pampu yenye H max ya mita 8 kwenda juu. Boksi lisilo na H max kabisa nalirudisha kwenye rafu.

Vipimo vyenyewe huandikwa kwa namna nyingi. Futi 15 ni mita 4.6. Ba (bar) 1 ya shinikizo ni takriban mita 10 za maji. Pampu za mashua na za magari ya kulala huandikwa kwa psi, kipimo kingine cha shinikizo, na psi 1 ni kama sentimita 70, kwa hiyo psi 35 ni zaidi ya mita 24.

Sasa nyumba yenyewe. Kimo hakipimwi kutoka pampu ilipo, hupimwa kutoka uso wa maji ya pipa hadi mahali pa juu kabisa ambapo mpira utapita. Chukua nyumba ya kawaida: kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya ghorofani ni mita 3.2. Stendi ya tangi ni sentimita 90, tangi lenyewe sentimita 60, na mpira unapinda juu ya ukingo kwa sentimita 10. Jumla mita 4.8 kutoka sakafu ya chini. Pipa likiwa limejaa hadi mita 1, pampu inapandisha mita 3.8. Pipa likikaribia kwisha, maji yakiwa sentimita 20 kutoka chini, inapandisha mita 4.6. Ndiyo maana pampu iliyoanza vizuri hupungua nguvu kadiri pipa linavyokauka, na wakati mwingine husimama likiwa bado na robo ya maji. Hesabu ifanywe kwa pipa tupu. Na kama mpira utapita juu ya dirisha la ngazi lililo juu kuliko tangi, basi dirisha ndilo la kupima, kwa sababu maji ni lazima yavuke pale kwanza.

Juu ya kimo hicho kuna gharama nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ni msuguano ndani ya bomba. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Tuseme unataka lita 20 kwa dakika, yaani lita 100 kwa dakika tano. Kwenye mpira laini wa mita 10 wenye kipenyo cha ndani cha inchi moja, msuguano unakula sentimita 20 tu za kimo. Kwenye mpira wa robo tatu inchi, unakula karibu mita 0.9. Kwenye mpira wa nusu inchi, ule wa kumwagilia bustani, unakula mita 6. Nyumba ile ile, maji yale yale, pampu ile ile, lakini kwa mpira mwembamba umejiongezea ghorofa mbili. Mtu hulalamika pampu haina nguvu, ananunua kubwa zaidi kwa bei mara tatu, na dawa yake ilikuwa mpira mnene zaidi. Elbo nazo zina sehemu yake: kila kona kali ya digrii 90 ni sawa na kuongeza kipande cha bomba, kwa hiyo mpira unaopinda taratibu ni bora kuliko bomba lenye elbo sita.

Msuguano huo una tabia moja nzuri, kwamba unapungua haraka sana ukipunguza mwendo. Ukikubali lita 10 kwa dakika badala ya 20, hasara ya mpira ule wa nusu inchi inashuka kutoka mita 6 hadi chini ya mita 2. Kwa kazi ya kubadilisha maji, dakika tano zikiwa kumi hakuna kinachoharibika. Mtu mwenye subira anaweza kununua pampu ndogo zaidi, mpira mwepesi zaidi, na akapata kazi ileile.

Wengi hudhani tatizo ni wati. Kunyanyua lita 20 kila dakika hadi mita 5 kunahitaji wati 17 hivi za kazi halisi. Pampu ndogo hupoteza sehemu kubwa ya umeme wake, kwa hiyo ya wati 60 hadi 100 inatosha kabisa. Kinachoamua ni umbo la impela na ule uwazi unaoizunguka. Pampu ya kuzungusha maji ndani ya tangi imechongwa itoe maji mengi kwa kimo kidogo, na pampu ya kusukuma juu imechongwa itoe maji machache kwa kimo kikubwa. Zote mbili zinaweza kuwa na wati zilezile kwenye kibandiko. Halafu kuna hofu kwamba maji ya chumvi ni mazito mno kwa pampu ya kawaida. Uzito unaozidi ni asilimia 2.5 tu. Mita za kimo hazibadiliki. Mota inabeba asilimia hiyo ya ziada na haihisi kitu. Chumvi ina ubaya mwingine, nitaufikia.

Kabla ya hapo, jambo linalowapata wanaonunua pampu kutoka Marekani au kusoma sifa zake huko. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, wa Marekani ni wa hezi 60. Transfoma inashusha volti kutoka 230 hadi 110, lakini haigusi hezi. Pampu ya sumaku, ambayo nitaieleza mbele, iliyoundwa kwa hezi 60 ikipewa hezi 50 huzunguka polepole zaidi, kwa uwiano wa tano kwa sita. Lita zinapungua kwa uwiano huohuo, na kimo kinapungua zaidi, kinabaki asilimia 69 tu. Pampu iliyosifiwa kule kwa mita 6 inaweza kukupa mita 4 na kidogo hapa. Ikiwa nyumba yako inahitaji mita 4.6, umeshakwama. Tafuta toleo la hezi 50, au pampu ya umeme wa betri yenye adapta yake, ambayo haijali hezi za ukutani.

Nije kwenye chumvi. Pampu za maji za nyumbani zinazouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, zile za nusu farasi zenye mwili wa chuma cha kusubu, zina kimo cha kutisha, mita 30 na zaidi. Fundi atakuambia hiyo ndiyo yenyewe, na kwa tangi la maji ya kuoga yuko sahihi. Kwa tangi la samaki wa bahari, hapana. Mwili wake ni chuma kinachoota kutu, na impela yake kwa kawaida ni ya shaba nyeupe au shaba nyekundu iliyochanganywa. Maji ya chumvi hula shaba, na shaba ikiingia tangini ni sumu. Dawa za shaba za kutibu vimelea vya samaki hutumiwa kwa takriban miligramu 0.2 kwa lita, na kiwango hicho samaki wengi hukivumilia lakini huua kamba, konokono na matumbawe. Mbaya zaidi, shaba hunasa kwenye mchanga na mawe ya tangi, kisha hurudi majini kidogo kidogo. Mtu anaweza kuwa ameshaitupa pampu na kamba wake bado wanakufa.

Chuma cha pua nacho kisikudanganye kwa kung'aa. Kile cha kawaida, namba 304, huchimbika vishimo katika maji ya bahari, hasa kwenye mianya ambako maji hayatembei. Namba 316 huvumilia zaidi, lakini nacho hakifai kuachwa majini siku zote. Vinavyofaa kugusa maji ni plastiki, seramiki, raba inayostahimili chumvi, na titani.

Angalia pia viungo, si pampu peke yake. Mabomba ya PPR, yale yanayounganishwa kwa moto na ambayo mafundi wengi huyapenda, ni plastiki salama. Lakini viunganishi vyake vya nyuzi vina pete ya shaba ndani iliyopakwa nikeli, inang'aa kama fedha. Ukikata kimoja kwa msumeno utaona rangi ya njano chini ya ile nyeupe. Hapo ndipo mfumo wa plastiki tupu unapopata shaba bila mwenye nyumba kujua. Tumia viungo vya PVC ambavyo nyuzi zake ni plastiki yenyewe, ukifunga kwa tepu nyeupe, na koki za plastiki. Vibano vya mpira vikiwa vya chuma, vikae nje ambako maji hayavigusi, na uvikague.

Kwa masharti hayo, aina zinazobaki ni chache. Ya kwanza ni pampu ya sumaku. Mota yake imetengwa kabisa na maji. Sumaku ya nje inazungusha sumaku iliyo ndani ya impela kupitia ukuta wa plastiki, na ekseli ni ya seramiki. Kwa kuwa hakuna ekseli inayopenya ukuta, hakuna sili (kizibo cha kuzuia maji pale ekseli inapopita) ya kuchakaa na kuvujisha. Kampuni kama Iwaki ya Japani na Danner ya Marekani zimejijengea jina kwa pampu za namna hii, na siku hizi kuna nyingi za bei nafuu kutoka China, nyingine zikiwa na kidhibiti cha mwendo. Hakikisha umechagua ile ya kimo kikubwa, kwa sababu kampuni moja inaweza kuuza zote mbili kwa majina yanayotofautiana herufi moja.

Pampu hiyo ina udhaifu wa kukumbuka: haiwezi kuvuta hewa. Iweke chini, ubavuni mwa pipa au ndani yake, maji yaiingie yenyewe. Usiiweke ghorofani ukitumaini itavuta maji juu. Ikizunguka kavu, ekseli ya seramiki hupata joto na kupasuka, na dakika chache zinatosha. Ukitaka kupunguza mwendo, banisha koki iliyo upande wa kutokea. Ukibana upande wa kuingilia, maji yanachemka kwa kukosa shinikizo ndani ya impela, unasikia kelele kama ya kokoto, na impela inalika.

Ya pili ni pampu ya utando ya volti 12, ile ya mashua. Ndani yake raba inakwenda na kurudi, inavuta na kusukuma. Inatoa maji machache, pengine lita 11 kwa dakika, lakini kimo chake ni mita 20 na zaidi, inavuta hewa yenyewe, na haiumii ikikauka kwa muda mfupi. Zipo zilizotengenezwa mahususi kuoshea sitaha kwa maji ya bahari. Ina kelele na maji yake yanatoka kwa mapigo. Hata hivyo, kwa mtu anayebadilisha lita 50 hadi 150 kwa wakati, hii ndiyo ningeinunua kwanza. Inafanya kazi kwa betri ya gari au ya sola umeme ukikatika, mpira wa nusu inchi unaitosha, na umbali wa ghorofa moja au mbili hauibabaishi. Tahadhari moja tu: pampu za aina hii hutumika pia kwenye mabomba ya kupulizia dawa shambani. Iliyowahi kugusa dawa ya wadudu isiletwe karibu na tangi, hata ioshwe vipi, kwa sababu kamba ni jamaa wa wadudu na hufa kwa kiasi kidogo mno.

Ya tatu, pampu ya kuzama ya kutolea maji machafu, ya mwili wa plastiki. Ni rahisi kupatikana na kimo chake mara nyingi ni mita 6 hadi 9. Nyingi zina ekseli ya chuma cha pua, na baadhi zina mafuta nyuma ya sili. Kwa dakika kumi kwa wiki inawezekana, ikiwa mpya, ikisuuzwa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na kukaushwa kila mara. Isiachwe kwenye pipa. Sili ikichoka, mafuta hayo yanaingia kwenye maji ya samaki wako.

Yote hayo ni kwa kazi ya mara moja moja. Kuna wanaotaka zaidi: tangi la kuchujia likae chini na maji yazunguke kati ya ghorofa mbili mchana na usiku. Inawezekana, lakini nakushauri ufikirie mara mbili. Pampu ya wati 100 ikifanya kazi saa 24 inakula uniti 2.4 kwa siku, zaidi ya 870 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya umeme huo huishia kuwa joto ndani ya maji, katika pwani ambako tatizo letu ni kupoza tangi. Na umeme ukikatika, kila kitu kilicho juu ya mdomo wa bomba kinarudi chini. Tangi lenye uso wa sentimita 120 kwa 50, mdomo ukiwa umezama sentimita 3, litashusha lita 18. Mdomo ukizama sentimita 30, litashusha lita 180, na kama tangi la chini halina nafasi hiyo, ziko sakafuni.

Hata anayejaza mara moja kwa wiki anakabiliwa na hatari hiyohiyo. Pampu ikizimwa na mdomo wa mpira uko ndani ya maji, safari inageuka na tangi linaanza kumwagika kwenye pipa. Wengi huweka valvu ya njia moja na kulala usingizi. Chumvi, mchanga na minyoo midogo ya chokaa huifanya isifunge vizuri, na haitoi ishara yoyote kabla. Kinga ya kweli ni kuning'iniza mdomo juu ya uso wa maji, ukiufunga imara kwenye ukingo kwa kibano, kwa sababu mpira wenye shinikizo ukiachwa huru huruka na kumwagia sebule. Kama ni lazima uzame, toboa tundu dogo kwenye bomba juu kidogo ya uso wa maji ili hewa iingie na kukata mvuto. Acha pia nafasi kwenye pipa: mpira wa inchi moja wa mita 10 una lita 5 ndani yake, zote zinarudi.

Zirudi, ndiyo, wala usizifungie. Maji ya bahari yaliyobaki kwenye bomba kwa wiki nzima huishiwa oksijeni, vijidudu hufa, na harufu ya yai bovu inakujulisha kilichomo. Bomba la kudumu liwe na mteremko na limiminwe lote kila baada ya kazi. Kama halimiminiki, lita za kwanza ziingie kwenye ndoo, si kwa samaki.

Kuhusu umeme sitasema mengi lakini nasema kwa uzito wote. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana. Soketi ya pampu iwe kwenye swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30, iwe na waya wa ethi unaofanya kazi, na waya wa pampu ushuke chini ya soketi kisha upande ili matone yasifuate waya hadi ukutani. Mikono isiingie majini kabla pampu haijachomolewa.

Ukishafunga kila kitu, usianze na maji ya chumvi. Jaza pipa maji yasiyo na chumvi, peleka ndoo ya lita 20 ghorofani, washa, na upime kwa saa ya simu inachukua sekunde ngapi kujaa. Sekunde 60 ni lita 20 kwa dakika. Fanya hivyo pipa likiwa limejaa, na tena likikaribia kwisha, kisha andika namba zote mbili kwa wino usiofutika kwenye mwili wa pampu. Kila baada ya miezi mitatu au minne rudia. Sekunde zikianza kuongezeka, kwanza kagua mpira kama umekunjika, halafu fungua pampu, toa impela, na uiloweke kwenye siki kwa saa chache ili chokaa iliyoganda ilainike. Sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, rudisha, pima upya. Kama namba hazirudi hata baada ya hapo, angalia ekseli na kishimo chake. Vikiwa vimelika, nunua impela mpya peke yake. Ndiyo maana siku ya kununua pampu, uliza kabla ya kulipa kama impela yake inauzwa.